Kwa nini Januari ni mtihani kwa wasanii wa makao ya msimu wa baridi

SIKUKUU za Krismasi na Mwaka Mpya zinapomalizika, watu wengi hurejea kazini wakijua vyema kinachowasubiri. Karani hukuta faili zake mezani, mwalimu hukuta wanafunzi darasani, naye mwenye duka hufungua milango na kuwapokea wateja.

Kwa mchoraji anayeishi katika makao ya usanii, mambo ni tofauti. Anapofungua mlango wa studio yake baada ya majuma mawili au matatu ya safari, hakuna mkubwa wa kazi anayemngoja, hakuna mteja aliyeagiza picha, wala hakuna kengele ya kuingia. Kilichopo ni chumba baridi, picha ambazo hazijakamilika zilizogeuziwa ukutani, na kalenda.

Kalenda hiyo ndiyo humtia wasiwasi. Katika kituo cha Fine Arts Work Center kilichoko mjini Provincetown, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, muhula wa wasanii huanza Oktoba 1 na kumalizika Aprili 30. Ukihesabu siku moja moja, muhula huo una siku 212 katika mwaka wa kawaida. Kufikia Januari 1, siku 92 huwa zimekwisha kupita na zimesalia 120 pekee.

Makala haya yanaeleza makao hayo ni nini, kwa nini yaliwekwa katika majira ya baridi kali, na ni mambo gani humkabili msanii anaporejea humo kutoka likizoni. Ni jambo linalowahusu pia wasanii wa Afrika Mashariki, ambao baadhi yao wamepitia makao ya namna hii na wengine wangali wanayatafuta.

Maana ya makao ya usanii

Makao ya usanii ni mpango ambapo taasisi humpa msanii mahali pa kuishi na kufanyia kazi kwa muda maalumu. Muda huo waweza kuwa majuma machache au mwaka mzima. Baadhi ya taasisi hutoa chakula na posho, ilhali nyingine humtaka msanii ajigharimie sehemu ya matumizi.

Kinachotolewa hasa ni wakati. Mchoraji anayefunza shule mchana, au anayechora mabango ya matangazo ili apate karo ya watoto, huchora picha zake mwenyewe usiku akiwa amechoka. Makao humwondolea shughuli hizo kwa muda, aone kazi yake ingekuwaje iwapo angeitumikia peke yake.

Utaratibu huu ni wa kale. Mnamo 1666, katika enzi ya Mfalme Louis wa 14, Ufaransa ilifungua chuo mjini Rome ambako vijana wake waliobobea katika uchoraji na uchongaji walipelekwa kwa gharama ya dola ili wajifunze kutokana na kazi za mabingwa waliotangulia. Chuo hicho kingalipo hadi leo katika jumba la Villa Medici.

Nchini Marekani, mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian walianzisha makao yao mwaka 1907 huko Peterborough, jimbo la New Hampshire. Edward alifariki mwaka uliofuata, naye mjane wake akaendelea kuyachangishia fedha kwa miaka mingi.

Huko Peterborough, kila msanii hupewa studio yake iliyojitenga msituni. Chakula cha mchana huletwa katika kikapu na kuachwa mlangoni, ili anayefanya kazi asikatizwe. Kabla ya kuondoka, mgeni huandika jina lake kwenye ubao unaobaki ndani ya studio, hivi kwamba anayeingia baadaye huwaona wote waliomtangulia. Mwandishi James Baldwin ni miongoni mwa waliofanya kazi huko.

Makao mengine mashuhuri ni Yaddo, yaliyoko Saratoga Springs katika jimbo la New York, ambayo yalipokea wageni wa kwanza mwaka 1926. Mshairi Mwafrika-Mmarekani Langston Hughes alikaribishwa huko mwaka 1942.

Mji unaobaki mtupu

Provincetown uko kwenye ncha ya rasi ya Cape Cod, ambayo imejipinda baharini kama mkono uliokunjwa. Ni hapo ambapo meli ya Mayflower, iliyobeba walowezi kutoka Uingereza, ilitia nanga kwanza mnamo Novemba 1620 kabla ya kuendelea hadi Plymouth.

Baadaye mji huo ulikuwa wa wavuvi na wawinda nyangumi, wengi wao wakiwa na asili ya Ureno na visiwa vya Azores. Wachoraji walianza kumiminika baada ya mwaka 1899, wakati Charles Hawthorne alipofungua shule ya uchoraji. Aliwafunza wanafunzi wake nje, ufuoni, kwenye mwanga mkali wa jua na mchanga.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wasanii wa Marekani hawakuweza tena kusafiri hadi Ufaransa kwa urahisi. Wengi walielekea Provincetown. Kufikia mwaka 1916, gazeti moja la Boston liliuita mji huo koloni kubwa zaidi la wasanii duniani.

Hata hivyo, wengi wa wasanii hao walikuwa ndege wa kiangazi. Walikuja Juni, wakaondoka Septemba. Waliobaki mwaka mzima walikuwa wachache, miongoni mwao mchoraji Edwin Dickinson, ambaye alivumilia majira mengi ya baridi humo. Mojawapo ya kazi zake kubwa za wakati huo, aliyoipa jina The Fossil Hunters, ilimshughulisha kuanzia mwaka 1926 hadi 1928.

Baadhi ya wachoraji hao, Dickinson akiwemo, walikodi vyumba vilivyojengwa juu ya maghala ya yadi ya mbao ya mfanyabiashara Frank Days. Mbao zilihifadhiwa chini, wachoraji wakafanya kazi juu. Hans Hofmann, mwalimu aliyekuja kutoka Ujerumani na kuathiri kizazi kizima cha wachoraji wa Marekani, naye pia alitumia vyumba hivyo.

Kwa nini baridi

Kufikia miaka ya 1960, watalii walikuwa wameufurika mji. Kodi za nyumba zilipanda, na kijana asiye na jina wala fedha hakuweza tena kukaa humo kama walivyokaa waliomtangulia. Wasanii wazee waliona hatari: mji ungebaki na sifa ya usanii bila ya kuwa na wasanii chipukizi.

Ndipo mwaka 1968 kundi la waandishi, wachoraji na wapenzi wa sanaa, akiwemo mshairi Stanley Kunitz na mchoraji Robert Motherwell, lilipoasisi Fine Arts Work Center. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Wakati wa kiangazi chumba hakipatikani kwa bei ya kawaida. Wakati wa baridi, watalii huondoka na nyumba hubaki tupu. Basi wasanii vijana wapewe miezi hiyo ambayo hakuna mwingine anayeitaka.

Miaka michache baadaye kituo hicho kiliinunua ile yadi ya mbao ya Days, iliyoko barabara ya Pearl, na ndiyo makao yake hadi sasa. Kwa kawaida huchagua wasanii 20 kila mwaka, 10 wakiwa wachoraji na wasanii wengine wa sanaa za kuona, na 10 waandishi. Kila mmoja hupewa nyumba na posho ya kila mwezi, nao wachoraji huongezewa studio.

Masharti ni machache mno. Msanii hatakiwi kufunza, wala hadaiwi idadi fulani ya picha au kurasa anapoondoka. Anachotakiwa ni kuwepo.

Walionufaika ni wengi. Mshairi Yusef Komunyakaa na waandishi Michael Cunningham na Jhumpa Lahiri walikaa huko kabla ya kushinda tuzo ya Pulitzer katika miaka ya 1994, 1999 na 2000 mtawalia. Mchoraji Ellen Gallagher, ambaye kazi zake zimeonyeshwa katika makavazi makubwa ya Ulaya na Marekani, pia ni mmoja wao.

Likizo na athari zake

Mwanzoni mwa muhula, Oktoba, msanii huwa na furaha ya mgeni. Hali ya hewa bado ni ya kuvumilika na baadhi ya mikahawa ingali wazi. Novemba upepo hubadilika na maduka hufungwa moja baada ya jingine. Anapoanza kuzoea upweke wake na mkono kuanza kutii, Desemba huwa imefika na kila mtu anafungasha kwenda kwao.

Safari hiyo ina faida zake. Msanii hula chakula cha mama, hulala, hucheka na nduguze. Lakini pia huulizwa maswali. Shangazi atataka kujua anafanya nini huko na analipwa kiasi gani. Rafiki waliosoma naye watamwonyesha gari au kiwanja. Mtu aliyekuwa ameridhika na picha tatu ambazo hazijakauka hujikuta akizitetea mezani mbele ya watu ambao hawajaziona.

Kwa msanii wa kigeni mambo huwa magumu zaidi. Nauli ya kwenda Afrika na kurudi katika mwezi wa Desemba ni ghali, na baadhi ya viza huruhusu mtu kuingia Marekani mara moja tu. Wengi hawaendi kokote. Hubaki katika mji ambao wenzao wote wameuhama, na Januari huwakuta wakiwa wamechoka kwa ukimya.

Ama aliyesafiri na ama aliyebaki, wote huingia Januari wakiwa na tatizo moja: uzi wa kazi umekatika. Mawazo yaliyokuwa wazi Desemba 15 hayaonekani tena. Msanii hutazama picha yake kama barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mwanga wa saa tisa

Jambo la kwanza linalomkabili mchoraji ni mwanga. Provincetown uko takriban nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta. Mnamo Desemba 21, mchana huko huwa na saa tisa na dakika chache tu. Jua huzama mwendo wa saa kumi na dakika kumi za jioni, wakati ambapo mkazi wa Nairobi angali na zaidi ya saa mbili za mchana mbele yake.

Aidha, jua hilo hupita chini sana. Saa sita mchana, katika siku hiyo fupi, huwa limepanda nyuzi 25 hivi kutoka upeo wa macho. Jijini Nairobi, siku hiyo hiyo, hupanda hadi nyuzi 68. Ndiyo maana katika mji wa kaskazini vivuli huwa virefu mchana kutwa na rangi za vitu huonekana zimepoa.

Kwa sababu hii wachoraji wa nchi za kaskazini hupendelea madirisha yanayotazama kaskazini. Jua la majira ya baridi halifiki upande huo kamwe, hivyo mwanga unaoingia haubadiliki ghafla. Picha iliyoanzwa asubuhi haitaonekana tofauti kabisa alasiri.

Hata hivyo saa hizo hazitoshi. Anayetaka kuendelea hutumia taa, na hapo lazima awe mwangalifu. Taa za kawaida za nyumbani hutoa mwanga wa manjano, nao humdanganya mchoraji: manjano aliyopaka huififia machoni pake, akaiongeza kupita kiasi. Kesho yake, kwenye mwanga wa mchana, hushangaa. Wenye uzoefu hununua taa zenye mwanga mweupe unaokaribia ule wa mchana, au hutenga usiku kwa kazi zisizotegemea rangi, kama vile kuchora kwa makaa na kuwamba kanvasi.

Habari njema ni kwamba kuanzia Januari kila siku huongezeka. Kufikia Aprili 30, mchana wa Provincetown hukaribia saa 14. Msanii anayerejea kutoka likizoni huwa ameuacha mwezi wa giza zaidi nyuma yake, ijapokuwa baridi yenyewe huwa haijafikia kilele.

Rangi nayo huhisi baridi

Jambo la pili ni vifaa. Watu wengi hudhani kuwa rangi ya mafuta hukauka kama nguo iliyoanikwa, yaani kwa maji kutoka. Sivyo. Rangi hiyo huchanganywa na mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani, ambayo hugeuka kuwa ngozi ngumu kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani. Joto na mwanga huharakisha kazi hiyo, baridi na giza huichelewesha.

Picha ambayo ingekauka juujuu kwa siku tatu au nne katika kiangazi yaweza kuchukua muda mrefu zaidi katika studio yenye baridi. Ndiyo maana aliyezima hita kabla ya kusafiri Desemba hurudi akakuta rangi ingali inanata.

Rangi zenyewe pia hutofautiana. Ile ya udongo wa kahawia, ambayo ina madini ya manganizi, hukauka upesi. Nyeusi inayotokana na mifupa iliyochomwa, na nyekundu na manjano za kadimiamu, hukawia. Mchoraji mwerevu huweka zinazokauka upesi katika tabaka za chini na kuziacha za kukawia ziwe juu. Akigeuza utaratibu huo, tabaka la juu hukauka kwanza, na la chini linapoendelea kujongea, picha hupasuka miaka michache baadaye.

Rangi ya akriliki, ambayo huchanganywa kwa maji, ina matatizo yake. Chini ya takriban nyuzi tisa za selsiasi, chembe zake hushindwa kushikana vizuri na kufanya utando imara. Ikiganda kwa barafu ndani ya chupa, yaweza kuharibika kabisa. Na picha ya akriliki iliyokwisha kukauka huwa kavu na ngumu kama kioo kwenye baridi kali. Msanii anayeikunja na kuiweka nyuma ya gari ili akawaonyeshe wazazi wakati wa Krismasi huenda akaikunjua ikiwa imejaa nyufa.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, tapentaini na vimiminika vingine vinavyowaka upesi haviruhusiwi mizigoni. Msanii hulazimika kuviacha na kununua vingine aendako.

Studio iliyofungwa kwa majuma kadhaa ina jambo jingine la kushangaza. Picha ya mafuta iliyogeuziwa ukutani, mbali na mwanga, hupata umanjano kidogo, hasa penye rangi nyeupe. Anayeiona Januari hudhani imeharibika. Dawa yake ni kuigeuza tu itazame dirishani, kwani mwanga wa mchana huuondoa umanjano huo polepole.

Kisha kuna hewa. Kila mtu hutamani kufunga madirisha wakati wa baridi, lakini mvuke wa tapentaini humletea mchoraji kichwa kuuma na kizunguzungu. Aidha, hita hukausha hewa, na mbao za fremu husinyaa kadiri zinavyokauka. Kanvasi iliyowambwa vyema Oktoba yaweza kulegea au kujikunja pembeni Januari. Hivyo mchoraji huwa na vita vya kila siku kati ya joto, hewa safi na unyevu.

Jinsi ya kuanza upya

Kosa la kawaida la Januari ni pupa. Msanii huona siku 120 zimesalia, akaamua kufidia muda uliopotea kwa kuanza picha kubwa siku ya kwanza. Kwa kuwa mkono umepoa na jicho halijarudi, picha humshinda, naye hukata tamaa kwa juma zima.

Njia iliyo salama ni ya taratibu. Kwanza, studio hufagiliwa. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mtu anapookota brashi, kukwangua ubao wa kuchanganyia rangi na kupanga chupa, hukumbuka alikuwa akifanya nini.

Pili, picha zote za Oktoba hadi Desemba hugeuzwa na kupangwa ukutani, bila kuguswa kwa siku moja au mbili. Hapa likizo humfaa msanii. Amezisahau kidogo, kwa hiyo aweza kuziona kama mgeni anavyoziona. Iliyo hai hujitokeza, na iliyokufa, ambayo Desemba alikuwa akiitetea kwa jino na ukucha, hujulikana.

Tatu, kazi ndogo hutangulia. Mchoro wa makaa wa nusu saa, karatasi ya rangi za maji, chungu kimoja dirishani. Lengo la kazi hizi ni kuuzoesha mkono, hata kama hakuna atakayezionyesha popote. Wakati huohuo kanvasi mpya huwambwa na kupakwa rangi ya msingi, ili zikauke zikimngoja.

Nne, hutoka nje. Mandhari ya Provincetown wakati wa baridi hayafanani na yale ya picha za watalii. Matuta ya mchanga, ambayo ni sehemu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1961, hufunikwa na theluji na mchanga kwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka, kasa walioduwazwa na maji baridi hutupwa na mawimbi kwenye fuo za ghuba ya Cape Cod, na wakazi hujitolea kutembea ufuoni usiku ili kuwaokoa. Kuelekea mwisho wa majira hayo, nyangumi adimu wa Atlantiki ya Kaskazini huingia katika ghuba hiyo kutafuta chakula.

Bahari yenyewe si ya kuchezewa. Januari 4, 2018, dhoruba ilisukuma maji hadi katika barabara na majengo ya mji huo. Msanii anayeishi hapo hujifunza kutazama jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kama mvuvi wa Lamu anavyofanya.

Upweke na jirani

Tano, na pengine muhimu kuliko yote, msanii huwatafuta wenzake. Watu 20 waliokuwa wageni kwa wageni Oktoba hurudi Januari wakiwa wanajuana. Hupika pamoja na kutembeleana studioni. Kituo kina ukumbi wa maonyesho uliopewa jina la Hudson D. Walker, mmoja wa waasisi, ambapo wachoraji huonyesha kazi zao, nao waandishi husoma tungo zao mbele ya hadhira.

Mambo hayo yana kazi maalumu. Tarehe ya onyesho au ya usomaji humpa msanii mwisho mdogo wa kuufikia kabla ya ule mkubwa wa Aprili. Na mwenzake anapoingia studioni na kusimama kimya mbele ya picha moja kwa muda mrefu kuliko nyingine, huwa amemwambia jambo ambalo kalenda haiwezi kumwambia.

Upweke ni hatari ya kweli. Giza la mapema na mji mtupu huweza kumletea mtu huzuni nzito, na wapo ambao huamua kukatiza muhula. Kwa anayetoka nchi ya joto, mwili wenyewe hushangaa. Ushauri ambao wengi hupeana ni wa kawaida: toka nje kila mchana kungali na mwanga, kula pamoja na wengine, usilale mchana, na usisubiri hadi mambo yaharibike ndipo useme.

Kuna pia kitendawili ambacho waasisi hawakukimaliza. Mji huo una wakazi wa kudumu wapatao 3,600, lakini wakati wa kiangazi hupokea makumi ya maelfu ya watu. Bei za nyumba zimepanda kiasi kwamba wafanyakazi wa kawaida hushindwa kupata pa kuishi. Msanii aliyependa mji huo kwa miezi saba ya baridi, Aprili 30 ikifika, hukuta kwamba hawezi kubaki hata kama angetaka. Kituo humwepusha na kodi kwa muda, lakini hakijaishusha kodi.

Funzo kwa wasanii wa nyumbani

Wakenya si wageni katika mipango hii. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi, alikuwa msanii mkazi katika makavazi ya Studio Museum huko Harlem, New York, mnamo 2003 hadi 2004. Taasisi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1968 huwateua wasanii watatu kwa kila kipindi na kuwapa studio ndani ya jumba lenyewe.

Hapa nchini, Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ikawapa wachoraji na wachongaji nafasi ya kufanya kazi na kukutana na wenzao kutoka nje. Kituo cha GoDown kilifuata mwaka 2003. Mwaka 2020 mchoraji Michael Armitage aliasisi Nairobi Contemporary Art Institute. Nchini Senegal, makao ya Thread yalifunguliwa mwaka 2015 katika kijiji cha Sinthian, na yale ya Black Rock ya mchoraji Kehinde Wiley mwaka 2019 jijini Dakar.

Msanii anayenuia kutuma ombi nje ya nchi anapaswa kusoma masharti kwa makini. Ajue kama nauli, chakula na bima vimo, kama kuna ada ya kutuma ombi, na viza ni ya aina gani. La muhimu zaidi, aulize muhula unaangukia majira gani, kwa kuwa rangi, mwanga na mwili wake vitategemea jibu hilo.

Anayebaki nyumbani pia ana la kujifunza. Waasisi wa Provincetown hawakujenga jumba jipya walipoanza. Walitazama miezi ambayo nyumba zilikuwa tupu na wakawatafutia vijana nafasi humo. Miji ya pwani yetu nayo ina misimu yake, na vyumba vingi hufungwa wageni wanapoondoka. Shule hubaki na madarasa matupu kila likizo. Nafasi za namna hiyo hazihitaji mamilioni, huhitaji ufunguo na mtu wa kuuaminia.

Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Mchoraji wa Provincetown huchumia kwenye baridi, na mara nyingi haoni matunda yake kabla ya Aprili 30. Kazi iliyoanzwa Januari kwa vidole vilivyokufa ganzi yaweza kukamilika miaka miwili baadaye katika chumba kingine, mji mwingine. Anapofungua studio yake baada ya sikukuu, jukumu lake siku hiyo ni dogo: awashe hita, azigeuze picha zitazame dirishani, kisha aanze kufagia.